Uchumi wa Kijani wa Kibaha na Kisarawe Uanze kwa Mchoma Mkaa

Ajira za kijani zilifika Kisarawe kabla jina lenyewe halijazoeleka kwenye hotuba za viongozi wetu. Mwaka 2009 kampuni ya Uingereza iitwayo Sun Biofuels ilimilikishwa hekta 8,211 zilizomegwa kutoka vijiji 11, kwa hati ya miaka 99, ili ilime mbono kaburi. Mbegu zingekamuliwa mafuta, mafuta yangeendesha magari Ulaya, na watu wa Mtamba, Muhaga, Marumbo na vijiji jirani wangepata mishahara, visima, zahanati na barabara. Dunia nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya nishati ya mimea. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147. Mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ukaweka lengo kwamba ifikapo 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo jadidifu. Mbono ukasifiwa kila mahali: unaota kwenye udongo hafifu, unavumilia jua, mifugo haiugusi.

Mwaka 2011 kampuni ikafilisika. Kazi ambazo wakati shamba limechangamka zilifika mia saba na zaidi zikaisha karibu zote, na mali ya kampuni ikauzwa kwa mwekezaji mwingine. Kitaalamu, kosa la kwanza lilikuwa la shambani. Mbono kweli haufi kwa ukame, lakini mti kutokufa na mti kuzaa ni mambo mawili tofauti. Bila maji na mbolea mavuno yake ni haba mno kulipia mtaji wa aina ile. Kosa la pili lilikuwa la soko: bei ya mafuta ilishuka, msukosuko wa fedha wa dunia ukafunga mifuko ya wawekezaji, na wenye mtaji wakahamia kwingine. Hayo mawili yangeweza kusameheka, maana biashara hufa kila siku. Ambalo halikusameheka, na mpaka leo haliponi, ni la ardhi.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, mwekezaji kutoka nje hapewi ardhi ya kijiji ikiwa bado ni ya kijiji. Lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla, ndipo hati itolewe. Ikishahama, kijiji hakina tena neno juu yake. Kampuni ikifa, ardhi hairudi kwa mkutano mkuu wa kijiji. Inabaki kwa mwenye hati au kwa Serikali. Kwa hiyo mwananchi wa Muhaga aliyekuwa akiingia kwenye pori lile kutafuta kuni, nguzo za nyumba, dawa za miti shamba na ardhi ya kufungulia shamba jipya, alipoteza kazi ya mshahara akiwa ameshapoteza pori lililomlisha kabla ya mshahara. Fidia aliyopata ilihesabu vilivyokuwa juu ya ardhi siku ya tathmini. Haikuhesabu miaka 99 ya kuingia na kutoka humo.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu tunaanza tena. Maneno ya sasa ni ajira za kijani, uchumi wa kijani, mpito wa haki, biashara ya kaboni, na yanasemwa kwa nia njema. Nimekaa kwenye mikutano mingi ambako ajira hizi zinahesabiwa kwa maelfu kwenye kuta, kwa michoro mizuri ya rangi, na Pwani inatajwa kama mkoa wa mfano kwa sababu ina ardhi, ina viwanda na iko mlangoni mwa Dar es Salaam. Ninachodai katika safu hii ni kitu kimoja: kabla ya kuhesabu ajira zitakazokuja Kibaha na Kisarawe, tuhesabu zilizopo tayari na zinazotegemea msitu. Mwenye kazi hiyo anafahamika na wote, ingawa hakuna anayempa kiti mezani. Ni mchoma mkaa.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, limeshikilia kwa miaka mingi kwamba kazi haiitwi ya kijani kwa kulinda mazingira peke yake. Lazima pia iwe kazi ya staha, yenye kipato cha kueleweka, usalama na sauti ya mfanyakazi. Ukilichukua sharti hilo kwa uzito, shamba la mbono lilianguka pande zote mbili. Mchoma mkaa naye anaanguka pande zote mbili, lakini yeye hawezi kuondoka kama mwekezaji alivyoondoka, kwa sababu ni wa hapo.

Tuitazame kazi yake kwa karibu. Tanuri moja hula wiki kadhaa za mwili wa mtu. Anachagua miti migumu, anaiangusha kwa shoka, anaikata magogo yanayobebeka na kuyaacha yanyauke. Kisha anayapanga chini, makubwa katikati, madogo yakiziba mianya, anafunika kwa majani mabichi na juu yake udongo, anaacha mdomo wa kuwashia na matundu ya moshi. Akishawasha, usingizi umekwisha. Udongo ukipasuka na hewa ikaingia, kazi yote inageuka jivu, kwa hiyo anazunguka usiku na koleo lake akiziba nyufa. Anausoma moshi: ukiwa mzito na mweupe, kuni bado zinatoa maji; ukiwa mwepesi wa rangi ya samawati, mkaa unaiva. Mwisho anafukua, anazima mabaki yanayofukuta, anajaza magunia. Katika tanuri la kienyeji la namna hii kilo 10 za kuni hutoa kilo moja hadi mbili tu za mkaa. Zilizobaki zimeondoka na moshi na joto.

Halafu anauza kwa bei ya porini. Kati ya pale na jiko la mama wa Manzese au Tandika kuna mwenye baiskeli au pikipiki, mwenye lori, ushuru, kibali, njia ya kukwepa kibali, dalali na muuzaji wa visado. Sehemu kubwa ya bei ya mwisho hubaki kwa hao wa katikati. Aliyekesha na koleo hupata kidogo kuliko wote, na ndiye anayekamatwa doria ikipita. Wengi wa wachoma mkaa ninaowafahamu ni wakulima wa mihogo na korosho ambao mvua ilipowaangusha waliingia porini kutafuta ada ya mtoto au nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Mkaa ni akiba ya asiye na benki. Anayetaka kuufuta bila kuweka kitu kingine mahali pake anamfungia mtu akaunti.

Ukubwa wa biashara hii hauna mfano katika chochote tunachokiita cha kijani kwa sasa. Benki ya Dunia ilipoichunguza mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania ilitumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, nusu yake Dar es Salaam, kwamba mzunguko wake ulikuwa kama dola milioni 650 kwa mwaka, na kwamba ulitoa kipato kwa mamia ya maelfu ya watu. Makusanyo ya kodi na ushuru yaliyopotea yalikadiriwa kufika dola milioni 100 kila mwaka. Hakuna kiwanda Kibaha, wala shamba Kisarawe, lililowahi kuajiri sehemu ndogo ya hapo.

Na msitu ulilipa. Mwaka 2010 jarida la Akademia ya Sayansi ya Marekani, PNAS, lilichapisha utafiti wa Antje Ahrends na wenzake waliopima misitu kuanzia Dar es Salaam kwenda nje. Walikuta uharibifu unasogea kwa mawimbi. Mwaka 1991 ukanda wa kuchoma mkaa ulikuwa unaishia kilomita 20 kutoka jijini; mwaka 2005 ulikuwa umefika kilomita 50. Mbele yake lilitangulia wimbi la mbao, ambalo lilikimbia kwa kasi zaidi: la mbao za thamani ya kati lilitoka kilomita 50 hadi 170 katika muda huohuo. Sasa weka wilaya zetu kwenye ramani hiyo. Kisarawe mjini iko kilomita kama 30 kutoka katikati ya Dar es Salaam, Kibaha kama 40. Ndani ya miaka 14 wimbi lilipita juu ya vichwa vyao na kuendelea na safari. Waliobaki nyuma yake wanachoma vichaka, matawi, miembe na mikorosho iliyozeeka. Kwa hiyo kazi ya mkaa inakufa yenyewe pale Kibaha na Kisarawe, polepole, kwa kukosa miti, hata kama hakuna sera yoyote itakayoigusa. Mpito umeshaanza. Umeanza vibaya, bila mpango na bila fidia.

Juu ya kifo hicho cha polepole sasa inakuja sera, na ni sera ninayoiunga mkono. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuifikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikuwa zimeshaelekezwa ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024. Agizo hilo lilisimamiwa na Selemani Jafo akiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais, Muungano na Mazingira, naye wakati huohuo alikuwa mbunge wa Kisarawe. Nadhani hakuna kiongozi mwingine nchini aliyekaa penye njiapanda ya namna hiyo: ofisini alilinda mapafu ya mama anayepika na msitu wa Pugu, jimboni aliomba kura kwa watu ambao gunia la mkaa ndilo ada ya shule.

Mapafu ya mama yana haki. Moshi wa jikoni unaua, na wanaoumia zaidi ni wanawake na watoto wachanga waliofungwa mgongoni. Lakini hesabu ina upande wa pili ambao sijausikia ukisemwa kwa sauti jukwaani: mkakati ukifanikiwa Dar es Salaam, soko la mkaa wa vijijini linaporomoka. Mafanikio ya Temeke ni ukosefu wa kazi Maneromango, Mzenga na vitongoji vya Mlandizi. Hiyo siyo sababu ya kuahirisha mkakati hata kwa siku moja. Ni sababu ya kuuandikia bajeti ya pili.

Wajerumani walipoamua kuachana na makaa ya mawe, sheria yao ya mwaka 2020 ilitenga hadi euro bilioni 40, zitumike mpaka 2038, kwa ajili ya mikoa itakayoumia. Wafanyakazi wa migodi na mitambo ya makaa ya kahawia walikuwa kama 20,000. Walihesabiwa mmoja mmoja, vyama vyao vilikaa mezani, na wazee walipewa njia ya kustaafu mapema. Sisi hatuna euro bilioni 40, najua. Lakini hata daftari la majina hatuna. Mchoma mkaa hayupo kwenye takwimu za ajira kama mchoma mkaa. Yupo kwenye taarifa za doria kama mhalifu. Mwaka 2006 tulijaribu njia ya marufuku. Bei ya mkaa ilipanda jijini, biashara ikahamia usiku, na haikuchukua muda marufuku ikalegezwa. Misitu haikupona.

Kuna jibu ambalo limejengwa Kisarawe kwenyewe, nalo linastahili kusemwa kwa uangalifu. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, linazalisha huko mkaa mbadala uitwao Rafiki Briquettes. Malighafi yake ni makaa ya mawe. Kwa mti wa Kisarawe hiyo ni ahueni ya kweli: kila gunia la mkaa huo likinunuliwa badala ya la miti, kuna mti umesimama. Kwa hewa ya dunia ni hadithi nyingine, kwa sababu makaa ya mawe ni kaboni iliyofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka, na mti uliopandwa upya angalau huivuta kaboni yake tena. Gesi ya mitungi nayo ni zao la kisukuku. Siyakatai hayo mawili. Kwa jiko la leo ni hatua mbele. Ninachokataa ni kuyaita mwisho wa safari. Na kwa upande wa ajira, jambo ni la wazi zaidi: makaa ya mawe hayachimbwi Pwani. Kiwanda kinaajiri wachache wenye mashine, na pesa ya kuni iliyokuwa ikiingia kijijini, hata kama ilikuwa ndogo na chafu, inahamia mgodini na kwenye lori.

Basi kipi kingemwachia mwanakijiji kazi? Jibu la kwanza limeshajaribiwa Kilosa, mkoani Morogoro. Kuanzia 2012 Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa jamii MJUMITA, kwa fedha za Uswisi, walisaidia vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe kupima misitu yao ya vijiji na kutenga sehemu ya kuvunia mkaa. Sehemu hiyo iligawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, kama ubao wa drafti, kipande kimoja kinavunwa na cha jirani kinaachwa, na kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24 mashina yachipue. Kijiji ndicho kilichotoa kibali na kukusanya ushuru, na pesa zikajenga madarasa, zahanati na visima. Mchoma mkaa akawa mwanachama wa kikundi mwenye kitambulisho, akafundishwa tanuri bora linalotoa mkaa mwingi kwa kuni zilezile. Hakuwa tena mtu wa kukimbia doria. Alikuwa miongoni mwa wanaofanya doria, maana msitu ukiibwa, kinachoibwa ni kipande chake cha mwaka ujao.

Kilosa ina bahati ya misitu mikubwa ya vijiji, bahati ambayo Kisarawe iliimaliza wimbi lilipopita. Hapa kinachohitajika ni kupanda. Na Kibaha inayo historia ya hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kaskazini uliokuwa umekatwa ovyo, kaya za vijiji jirani zilipewa vipande ndani ya hifadhi ili zipande miti ya kuni na mkaa huku zikilima mazao ya chakula katikati ya mistari mpaka miti ifunge kivuli. Mpango huo ulielewa kitu ambacho shamba la mbono halikukielewa: mtu hupanda mti utakaovunwa baada ya miaka kadhaa iwapo anakula kitu mwaka huu, na iwapo ana uhakika kwamba siku ya shoka mti utakuwa wake. Uhakika huo ndio kila kitu. Kipande bila karatasi ya haki ya kuvuna ni kibarua cha bure kwa Wakala wa Misitu. Ningependa kuona Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wakichukua somo la Ruvu Kaskazini na kulipeleka Ruvu Kusini upande wa Kisarawe, safari hii na mikataba iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka na kusajiliwa kwa jina la mume na mke.

Viwanda navipitia kwa haraka, kwa sababu huko kuna wengi wa kuvisemea. Kibaha imejaa viwanda: TAMCO, Zegereni, Visiga, na sasa Kwala penye bandari kavu. Kimoja kinanigusa zaidi. Kiwanda cha viuadudu cha Tanzania Biotech Products, cha Shirika la Maendeleo la Taifa kwa teknolojia ya Cuba, kinatengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kwa kutumia bakteria wasiodhuru samaki wala binadamu. Ni kiwanda cha kijani kwa tafsiri yoyote ile. Lakini mwaka 2017 ilibidi Rais John Magufuli afike Kibaha na kuziagiza halmashauri ziinunue dawa hiyo, kwa kuwa ilikuwa imezalishwa na wanunuzi hawakuonekana. Laiti kila halmashauri ya nchi hii ingetenga fungu la kudumu la dawa na la vijana wa kuinyunyiza mtaa kwa mtaa, kwenye madimbwi na mifereji, tungekuwa na ajira nyingi nje ya kiwanda kuliko ndani yake. Bidhaa ya kijani isiyo na mnunuzi wa uhakika haiajiri mtu, hata kama mashine zake ni mpya.

Chuma chakavu ni mfano wa kinyume: soko lipo, staha haipo. Viwanda vya nondo vinavyoyeyusha skrepa vinaipunguzia nchi uagizaji na kuiepushia dunia moshi wa kuyeyusha mawe mapya. Mnyororo wake unaanzia kwa kijana mwenye mkokoteni anayepita mitaa ya Mailimoja, Loliondo na Picha ya Ndege, mizani mkononi, bila glovu wala bima, akinunua sufuria iliyotoboka na shoka lililovunjika. Yeye anatimiza nusu ya kwanza ya sharti la ILO kuliko sisi tunaolihubiri. Nusu ya pili, kipato kinachotabirika na mwili ulio salama, inategemea kiwanda kinachonunua kwake. Ningeanza na sharti jepesi la leseni: kiwanda cha kuyeyusha chuma kisajili wakusanyaji wake na kiwachangie kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii kwa kila tani.

Reli nayo. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, ikipita Pugu, Soga na Ruvu, na Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja limeiongezea nchi umeme wa maji. Kila kontena litakalotoka bandarini hadi Kwala kwa treni ni lori moja pungufu kwenye Barabara ya Morogoro. Hewa itashukuru. Wauza chakula, mafundi magurudumu na walinzi wa malori pale Mlandizi watapungukiwa wateja, na nao hawamo kwenye tathmini yoyote niliyowahi kuisoma. Mpito wa haki ungewauliza mapema wanataka nini. Pengine kibanda ndani ya uzio wa Kwala, pengine mkopo wa kununua mashine, pengine mafunzo.

Kwenye mafunzo angalau hatuanzi sifuri. Shirika la Elimu Kibaha lilizaliwa 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likaunganisha shule, hospitali na kilimo mahali pamoja, wazo ambalo hata leo lingeitwa la kisasa. Kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi Kibaha na Kisarawe, vilivyokusudiwa kwa mtu mzima asiye na cheti ambaye anahitaji ufundi. Huyo ndiye mchoma mkaa. Kozi ya miezi michache ya kufunga na kutengeneza umeme jua, pampu za kumwagilia, majiko ya umeme na mitungi ya gesi ingekaa vizuri kule, hasa kwa kuwa jiko la umeme likiharibika Maneromango hakuna wa kulitengeneza na mama anarudi kwenye mafiga. Nasisitiza ufundi wa kutengeneza kuliko wa kuuza. Mradi wa kijani mara nyingi hufa siku kifaa cha kwanza kinapoharibika.

Hayo yote yanagharimu, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosubiri masoko ya kaboni. Tangu kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 wawekezaji wanazunguka vijijini. Kuna vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vilivyopata fedha nyingi kwa misitu yao, na nawapongeza. Lakini Kisarawe haina msitu mkubwa wa kuuza pumzi yake, na uzoefu wa mbono unanifanya niogope mkataba wowote wa muda mrefu ambao kijiji kinausaini bila mwanasheria wake. Kama mkataba wa kaboni utakuja, nashauri sharti moja lisiloguswa: ardhi ibaki ya kijiji siku zote, na mwekezaji akishindwa mkataba ufe naye bila kuacha hati nyuma.

Chanzo kingine cha fedha kiko karibu zaidi, na kinapita chini ya miguu yetu. Mto Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam, kwa mitambo ya Ruvu Juu pale Mlandizi na Ruvu Chini kule Bagamoyo. Mwishoni mwa 2022 mto ulipopungua, jiji liliingia kwenye mgao na watu wa Kinondoni wakanunua madumu kwa bei ya soda. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, na mabilioni yanatumika sasa kuwahamisha watu wa bondeni na kuinua daraja la Jangwani, kwa sababu mteremko wa juu ulipovuliwa miti maji yalikosa pa kutulia. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi umepandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia, lakini kingo zake zinalindwa na askari wachache, wakati kuna vijana waliozaliwa pembeni yake wanaojua kila njia ya panya. Kuwaajiri kwa mshahara wa mwezi wapande, wapalilie na walinde kingo za vijito ni kazi ya kijani isiyohitaji teknolojia yoyote kutoka nje.

Na kulipia kazi ya namna hiyo kumeshajaribiwa kwenye mto huuhuu. Miaka kadhaa iliyopita, huko Uluguru unakoanzia, wakulima wa vijiji vya Kibungo walilipwa ili watengeneze matuta na kupanda miti kwenye miteremko, katika mpango wa CARE na WWF, na miongoni mwa waliotoa pesa walikuwamo shirika la maji la Dar es Salaam na kampuni ya soda inayotumia maji hayo. Mpango ulikuwa mdogo, na ulikwisha muda wa mradi ulipokwisha. Kilichokosekana ni kuuingiza kwenye bei. Mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA, hutuma bili kila mwezi, na mdhibiti, EWURA, ndiyo inayopitisha viwango vyake. Kiasi kidogo kwa kila uniti, kikiandikwa kwenye mstari wake na kupelekwa kwenye akaunti za vijiji vya Ruvu na Pugu kwa mikataba ya kupanda na kulinda, kingelipa mishahara ya kwanza ya wachoma mkaa waliokubali kuweka shoka chini. Ombi la kubadili bei husikilizwa na wadau hadharani kabla halijapitishwa, na viongozi wa Kisarawe na Kibaha wana haki ya kuja na majina ya watu wao mkononi.